Montessori ya nyumbani kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3: anza na boksi, jagi na sponji

Maswali kuhusu Montessori, yaani kumwachia mtoto ajifunze kwa kufanya mwenyewe shughuli za mikono ulizomwandalia, ni yale yale kila kukicha. Nianze na miezi mingapi, ninunue vifaa gani, mbona wangu ukimpa kitu anakirusha tu, na je ni lazima niwe na ile rafu ya mbao nzuri nzuri inayoonekana kwenye picha za watu. Basi leo nimeamua kuyaweka yote pamoja, hatua kwa hatua, kwa mzazi ambaye hajawahi kabisa na ana mtoto wa mwaka 1 mpaka 3 hivi, yule aliyeanza kutembea na hamna kabati ambalo hajalifungua.

Niseme mapema kabisa, hamna haja ya kununua kitu cha maana. Unaweza kuwa na vifaa vyote vya dunia halafu ukakaa pembeni ya mtoto unamwambia "hapana sio hapo, leta nikuonyeshe, geuza, geuza basi", hapo umenunua mapambo tu. Kazi yako wewe ni tatu: kuandaa, kuonyesha, na kukaa kimya. Ya tatu ndo inawashinda wengi.

Nadharia kidogo tu afu tuendelee. Maria Montessori alikuwa daktari wa Italia, na mwaka 1907 alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mtaa wa San Lorenzo kule Roma, kwa watoto wa familia maskini ambao wazazi wao walikuwa wanashinda kazini. Pale alimwona binti wa miaka kama 3 anachomoa na kurudisha vipande vya mbao kwenye matundu yake, anarudia, anarudia, akaona ajaribu kumkatiza, akamnyanyua pamoja na kiti chake akamweka juu ya meza, na mtoto akaendelea kama hakuna kilichotokea. Watu walikuwa wanaamini mtoto mdogo hawezi kutulia na kitu kimoja, kumbe anaweza, ila kiwe kitu cha kufanya kwa mikono, kinacholingana na uwezo wake, na asikatizwe. Basi, nadharia imeisha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Zunguka nyumbani kwanza, vingi utavikuta.

- Trei ndogo 3 hadi 5. Huna trei? Mfuniko wa boksi la viatu unatosha, kwa vitu vikavu lakini.
- Sehemu fupi ya kupangia, anayoifikia bila kupanda. Ngazi ya chini ya kabati, ubao juu ya makreti mawili, chochote kisichoyumba.
- Kijimkeka au kitambaa kizito cha kutandika chini akiwa anafanya kazi.
- Boksi la viatu, na kopo kubwa lenye mfuniko wa plastiki kama la maziwa ya unga.
- Mpira wa tenisi, na vifuniko vipana vya mitungi ya glasi, vile vya upana wa sentimita 7 hivi.
- Jagi 2 ndogo zinazofanana, za kuenea mkono wake, zisizidi mililita 250. Ziwe na mdomo wa kumiminia.
- Bakuli 2, kijiko cha kawaida, sponji, taulo ndogo.
- Shati la zamani lenye vifungo vikubwa, begi lenye zipu, soksi za watu tofauti.
- Kisu cha kukatia makatoni na selotepu pana. Hivi ni vyako wewe, viweke mbali ukimaliza.

Usalama, usiruke hapa

Chukua lile bomba la karatasi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kitu chochote kinachopita ndani ya hilo bomba ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kinaweza kumkaba. Vitu vya mviringo kama gololi na mipira midogo ndo vibaya zaidi kwa sababu vinaziba njia ya hewa yote, kwa hiyo mpira uwe mkubwa kuliko bomba kwa kuonekana, sio kwa kubahatisha.

Betri zile bapa za kama kitufe, na sumaku ndogo, visiwepo kabisa karibu na hizi shughuli, akimeza ni hospitali hapo hapo, usisubiri uone. Zile shanga za rangi zinazovimba kwenye maji nazo achana nazo, zinavimba hadi tumboni. Maharage mekundu mabichi yana sumu, mbarika ndo usiseme, halafu watoto wanapenda kusukumia punje puani. Mimi kwa mtoto ambaye bado anaweka kila kitu mdomoni naruka nafaka zote naenda moja kwa moja kwenye maji. Wengi watakwambia anza na nafaka kavu ndo uje maji, sawa, ila maji akiyanywa hamna kesi.

Ila maji nayo yana sheria yake: mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu. Beseni likiisha kutumika linamwagwa papo hapo, na wewe hutoki kwenda kupokea simu.

Hatua

1. Mwangalie siku mbili tatu kabla hujatengeneza chochote

Usianze na kile ulichokipenda wewe kwenye picha, anza na kile anachokifanya tayari, hata kama kinakukera. Anaangusha vitu nyuma ya kochi? Huyo yuko tayari kwa kutumbukiza. Kila kikombe anakimwaga? Kumimina. Anafungua na kufunga chupa ya mafuta yako ya ngozi? Mpe vifuniko. Kuna wale wanaokokota kiti nyumba nzima, hao wanataka kazi nzito, mpe ndoo ndogo yenye vitu abebe kutoka hapa kwenda pale, utashangaa.

Hapo ndo jibu la "nianze na miezi mingapi" linapopatikana, umri ni wa kukusaidia kukisia tu.

2. Andaa sehemu

Toa midoli yote pale, ifiche. Panga shughuli 4, zikizidi sana 6. Kila shughuli kwenye trei yake na kila kinachohitajika kiwemo humo humo, maana akianza kumimina afu sponji iko jikoni, imekula kwako, atamwaga na ataondoka. Acha nafasi kati ya trei na trei. Kila kitu kiwe kizima, kisafi, na kirudi mahali pale pale kila siku, watoto wa umri huu wanang'ang'ania sana mpangilio, ukihamisha trei moja tu anaweza kulia na we hujui analilia nini.

Kiti na meza fupi ni vizuri ukiwa navyo, ukiwa huna mkeka unafanya kazi.

3. Tengeneza boksi la kutumbukiza

Hii ndo ya kwanza kwa mtoto wa mwaka 1, na ndo napenda kila mtu aanze nayo hata kama wa kwake ana mwaka na nusu.

Chukua boksi la viatu. Kwenye mfuniko, upande wa nyuma, chora duara kwa kuzungushia mpira wa tenisi, halafu kata kwa nje kidogo ya mstari ili mpira uingie bila kulazimisha, kwenye sentimita 7 na nusu hivi. Ubavu wa mbele kata mlango chini kabisa, upana na urefu wa sentimita 9. Sasa ndani weka kipande cha katoni kama mteremko, nyuma kiinuke sentimita 3 na mbele kilale chini usawa wa mlango, gandisha kwa selotepu pande zote. Funga mfuniko kwa selotepu usifunguke. Weka boksi kwenye trei yenye kingo ili mpira ukitoka usiende chini ya kabati.

Dondosha mpira mwenyewe mara kumi hivi. Ukikwama hata mara moja ongeza mteremko au panua mlango, kwa sababu ukimkwamia mtoto siku ya kwanza hatakuja kusikiliza maelezo.

Mtoto anachofanya hapo ni kuachia kitu kwa makusudi, kinapotea, kinarudi. Kwetu sisi ni mpira na boksi, kwake yeye ni habari kubwa.

Akishazoea, lete kopo. Kata mfereji kwenye mfuniko wa plastiki, urefu sentimita 7 na nusu, upana sentimita 1 na nusu, mpe vile vifuniko vya mitungi avitumbukize kimoja kimoja. Hapa inabidi ageuze kiganja ili kifuniko kisimame, na huko kugeuza kiganja ndo kazi yenyewe. Pitisha kidole kwenye ukingo wa kopo kwa ndani, ukiwa na makali weka selotepu au tafuta kopo lingine.

4. Jifanyie mwenyewe kwanza

Kaa chini sakafuni, tumia ule mkono ambao huutumii kuandikia, fanya shughuli nzima mwanzo mpaka mwisho. Ndo utaona jagi ni zito, mfuniko unabana, trei inateleza. Dakika 2 tu, lakini zinaokoa asubuhi nzima.

5. Onyesha

Kaa pembeni yake, sio mbele yake. Kama unatumia mkono wa kulia kaa kulia kwake ili mkono wako usimzibe. Beba trei kwa mikono miwili, taratibu, weka chini. Halafu fanya, polepole kuliko unavyodhani ni polepole, bila kuongea. Ukitaka kusema kitu simamisha mikono, sema, kisha endelea, maana mtoto hawezi kukufuatilia mdomo na mikono kwa wakati mmoja, atachagua mdomo kwa sababu ni wa mama au baba yake.

Neno moja mwanzoni linatosha: "Naonyesha kumimina." Ukimaliza: "Zamu yako."

Kosa la hapa, na wanalifanya karibu wote: kushika mkono wa mtoto na kuuendesha. Usimshike mkono. Akikosea muache akosee, kesho utaonyesha tena kama vile hujaona chochote.

6. Muache

Mikono yako ibaki mapajani kwako. Usimsifie katikati. Najua inauma, yaani mtoto kafanikiwa kwa mara ya kwanza afu wewe unyamaze? Nyamaza. Ukipiga makofi anainua uso anakutazama wewe, na akishakutazama wewe kazi imekatika, kesho atafanya moja afu ageuke kusubiri makofi. Akimaliza na akakutazama mwenyewe, mwambie ulichokiona: "Umetumbukiza vyote." Inatosha.

Picha na video pia ni kumkatiza. Piga ukiwa mbali au usipige.

7. Kurudisha mahali pake

Akimaliza, trei inarudi. Mwanzoni utarudisha wewe na yeye anaangalia, baadae anashika ncha moja, baadae anabeba mwenyewe. Mtoto wa mwaka na nusu usimtegemee arudishe kila siku, ukipata mara moja moja shukuru. Ila isiwe adhabu, "hutaki kurudisha basi hamna kucheza", hapo umeshaharibu.

8. Hamisha, halafu mimina

Sasa tumeingia kwenye nyama. Kuanzia miezi 15 na kuendelea, na hapa usiruke mpangilio:

Kwanza kuhamisha kwa mkono. Bakuli 2 kwenye trei, la kushoto lina vitu vikubwa vilivyopita ule mtihani wa bomba, soksi zilizokunjwa kwa mfano, la kulia halina kitu. Anahamisha kutoka kushoto kwenda kulia, ndo mwelekeo ule ule atakaosomea baadae, huna haja ya kumwambia.

Halafu sponji. Bakuli moja maji, jingine tupu. Anazamisha sponji, anaacha inywe maji, anaihamisha, anaikamua. Watoto wanaipenda hii kupita kiasi na inajenga nguvu ya vidole kuliko kitu chochote utakachonunua. Mvue shati, utajishukuru. Kijiko kinafuata, na vibanio vikubwa vya jikoni vije mwisho kabisa, miaka 2 na zaidi, vinataka nguvu.

Sasa jagi. Weka jagi 2 kwenye trei, mikono ya jagi ikitazama nje. Bandika kipande chembamba cha selotepu ya rangi kwenye theluthi ya jagi, hapo ndo mwisho wa maji, usijaze. Tia tone la rangi ya chakula ukipenda ili maji yaonekane. Sponji pembeni, kwenye trei hiyo hiyo.

Ukionyesha: shika mkono wa jagi, mkono wako wa pili uegemeze chini ya mdomo wa jagi, nyanyua, sogeza mdomo mpaka uwe juu kabisa ya katikati ya jagi la pili, simama hapo kidogo, mimina, halafu subiri tone la mwisho. Hilo tone la mwisho lisubiri kweli, litazame. Weka chini. Angalia trei, ukiona tone nje chukua sponji ulifute.

Mtoto wa dada yangu ukimpa jagi anatoa ulimi nje kabisa, macho kwenye mdomo wa jagi, tone la mwisho likigoma kudondoka analitikisa jagi kwa hasira mpaka maji yote yanaruka, halafu anachukua sponji kwa utulivu mkubwa anafuta pale palipo pakavu. Palipolowa anapaacha. Sasa hapo wewe unafanya nini? Hufanyi kitu. Kesho ukionyesha, unafuta palipolowa kwa taratibu zaidi, basi.

Ona pia jagi lenyewe linavyofundisha. Akimimina vibaya maji yanaonekana kwenye trei, haihitaji mtu wa kumwambia amekosea. Ukibuni shughuli yako jiulize hilo: akikosea atajuaje bila mimi? Kama jibu ni "nitamwambia", ifikirie upya.

9. Muingize kwenye kazi za nyumba

Watu wanahangaika kutafuta shughuli wakati shughuli zimejaa ndani. Kufuta meza, kuweka nguo chafu kwenye tenga, kumwagia mmea maji, kuosha kikombe chake cha plastiki, kutenganisha soksi ziwe jozi, kufagia kwa kifagio kilichokatwa mpini. Ndizi laini iliyomenywa anaweza kuikata kwa kisu butu cha kupakia siagi, kuanzia mwaka na nusu ukiwa naye pale pale, na anakula mwenyewe alichokikata.

Kwenye kufagia chora kiboksi sakafuni kwa chaki, takataka zote ziingie humo. Bila hicho kiboksi atakuwa anatawanya tu.

Na kuvaa. Shati lenye vifungo vikubwa lilaze mezani, afungue na kufunga likiwa limelala, sio likiwa mwilini mwake, kifungo kilicho chini ya kidevu huwezi kukiona hata wewe. Kufungua kunakuja kabla ya kufunga, kwa vifungo, zipu, vyupa, kila kitu. Msimdai kufunga mapema.

10. Majina, rangi, na kulinganisha

Anza na vitu halisi kabla ya picha. Vitu 2 tu au 3, na vitofautiane sana, nyekundu na bluu, usimletee nyekundu na chungwa siku ya kwanza.

Kuna utaratibu wa awamu tatu, na wengi wanaruka ya katikati. Awamu ya kwanza unataja tu: "Hii ni nyekundu. Hii ni bluu." Ya pili unaagiza: "Nipe nyekundu. Weka bluu juu ya mto. Ficha nyekundu." Hapa ndo mkae muda mrefu, siku hata wiki, ni mchezo na anajifunza bila kulazimika kutamka. Ya tatu ndo unauliza: "Hii rangi gani?" Ukiuliza kabla ya wakati unamtahini mtoto, na akikosea mara mbili tatu anaanza kukukwepa. Akikosea usiseme "hapana", rudi awamu ya kwanza.

Kulinganisha ni rahisi kutengeneza: vijiko vikubwa na vidogo kwenye makopo mawili, mifuniko na vyombo vyake, au viweke vitu 5 anavyovijua kwenye mfuko wa kitambaa apapase ataje bila kutazama. Huo mfuko unafaa miaka 2 na nusu kwenda juu.

Herufi? Kila mtu anauliza herufi. Subiri afike miaka 3 hivi, na mikono iwe imeshafanya yote ya juu. Kata herufi kwenye msasa laini, gandisha kwenye katoni ngumu, anapitisha vidole viwili kwa mwelekeo wa kuandika huku unatamka sauti yake. Sauti, sio jina: "mmm", sio "em". Anza na a, e, i, o, u, kila moja ina sauti moja tu haibadiliki, halafu m, b, t, na mkishapata hizo ma na mu zinakuja zenyewe.

11. Badilisha, lakini sio kila siku

Trei ambayo hajaigusa wiki nzima itoe. Anayoifanya kila siku iache hata kama wewe umeichoka, huyo bado ana kitu anakitafuta humo. Ukibadilisha, badilisha moja au mbili, sio rafu nzima. Na ukitaka kuongeza ugumu ongeza kitu kimoja tu, mdomo wa chombo uwe mwembamba zaidi, au maji yaongezeke, visiwe vyote kwa pamoja.

Mambo yakikataa

Anarusha kila kitu. Kurusha nako ni hitaji, mpe pa kurushia: tenga la nguo na soksi zilizokunjwa. Akirusha jagi, lichukue bila hotuba, "jagi ni la kumimina, soksi ndo za kurusha", kalete tenga. Akirudia, trei inapumzika mpaka kesho. Na angalia pia kama shughuli sio ngumu kwake, wengi wanarusha kwa sababu wameshindwa.

Anafanya sekunde kidogo anaondoka. Kwa mwaka 1 ni kawaida kabisa. Kama ni kila shughuli, angalia saa uliyomwekea, mwenye njaa au usingizi hafanyi kazi, na televisheni kama iko wazi hata kwa sauti ya chini, zima.

Anataka nimfanyie mimi. Fanya mwanzo, muachie hatua ya mwisho tu. Zipu unaiingiza wewe, anaipandisha yeye. Kesho kutwa muachie hatua mbili.

Anaweka mdomoni. Rudi kwenye vitu vikubwa na maji. Hamna cha kumfundisha hapo, ataacha mwenyewe.

Jagi kalifanya kofia. Kama halivunjiki na haumii, muache. Ukiona ndo imekuwa hivyo kila siku, onyesha tena siku nyingine kama ni mara ya kwanza.

Anamwaga makusudi mpaka sakafu inaelea. Punguza maji yawe vijiko vichache, amwage hayo hayo, na kitambaa cha kudekia kiwe karibu, kudeki mnafanya wote. Ukimnyang'anya unamfundisha kwamba maji ya kuchezea yapo bafuni na kwenye choo, utamkuta huko.

Mdogo anabomoa kazi ya mkubwa. Mkubwa afanyie mezani ambapo mdogo hafiki, mdogo apewe trei yake chini kwa wakati huo huo. Na vitu vidogo vya mkubwa vikae juu, visichanganywe hata dakika moja, ule mtihani wa bomba unafuata umri wa mdogo siku zote.

Anayebaki naye mchana anamfanyia kila kitu. Usimpe somo la Montessori, mpe mambo mawili tu: mtoto akiwa kwenye mkeka asiitwe, na kumwagika kwa maji sio kosa. Ukiongeza la tatu yote yatasahaulika.

Chumba ni kimoja, hamna pa kuweka rafu. Kreti moja chini ya kitanda, trei 3 zimepandana, unaitoa asubuhi na kuirudisha mkimaliza. Ukiona hata hizo 3 ni nyingi, anza na jagi peke yake wiki hii.